Timu ya mwanao ikivuka mpaka wa jimbo, nani atamhudumia?

Mzazi, tuseme mwanao anasoma sekondari Marekani, kama watoto wengi wa ndugu zetu waliohamia huko, na anacheza soka. Jumamosi timu inapanda basi kwenda kucheza jimbo la jirani. Jua ni kali. Kipindi cha pili mtoto anayumba, anaanguka. Nani anamkimbilia?

Mara nyingi ni yule mwenye begi la huduma ya kwanza kando ya uwanja. Wengi humdhania kocha msaidizi, kumbe ni mtaalamu wa afya ya wanamichezo. Amesoma chuo kikuu na kufaulu mtihani wa bodi ya kitaifa. Anajua kutambua dalili za mtikisiko wa ubongo, na anajua kwamba mtoto aliyezidiwa na joto hutumbukizwa kwanza kwenye maji baridi, ndipo akimbizwe hospitali.

Shida iko kwenye leseni. Mtihani ni wa nchi nzima, lakini leseni hutolewa na majimbo. Mjini Kansas City ipo barabara iitwayo State Line Road: upande mmoja ni Missouri, upande wa pili ni Kansas. Ukivuka barabara, umeingia kwenye sheria nyingine. Kwa miaka mingi wataalamu hawa walisafiri na timu roho mkononi, maana jambo likiharibika ugenini, bima ingeweza kukataa kulipa. Na mtaalamu akisita, anayeumia ni mtoto.

Oktoba 2018 Marekani ilipitisha sheria ya kuondoa wasiwasi huo. Mtaalamu anayesafiri na timu sasa huhesabiwa kana kwamba anafanya kazi katika jimbo lake, na bima yake humfuata. Wanaohudumia timu za sekondari nao wamo.

Hata hivyo, kuna masharti. Lazima awe na leseni na bima, awe na makubaliano ya maandishi na timu au shule, na awe ameijulisha kampuni ya bima kazi anayokwenda kufanya. Asivuke kiwango cha kazi anachoruhusiwa kwao. Kinga hii haifiki ndani ya hospitali; huko mtoto hukabidhiwa kwa wenyeji. Na akihamia jimbo jingine kufanya kazi, sheria hii haimpi leseni ya huko. Ataiomba upya.

Kwa hiyo, kabla hujasaini fomu ya safari, iulize shule mambo matatu:

1. Je, mtaalamu wa afya anasafiri na timu, au wanamtegemea wa wenyeji?
2. Ana makubaliano ya maandishi, na bima yake inajua safari hii?
3. Mtoto akizidiwa, maji baridi yatakuwepo uwanjani, na hospitali ya karibu ni ipi?

Usione haya kuuliza. Kocha anaangalia ushindi. Wewe mwangalie mtoto.