ZABIBU MOJA, DIVAI MBILI

Leo twajibu swali la mwenzenu mmoja, mtumishi wa meza katika hoteli. Anasema mgeni aliagiza divai nyekundu iitwayo Shiraz. Alipoionja akakunja uso, akasema, "Hii si Shiraz niijuayo. Inanuka pilipili manga." Chupa ikarudishwa, ukazuka ugomvi juu ya nani atakayeilipa. Mwenzenu auliza: je, divai ile ilikuwa imeharibika?

Kwa maelezo yake, naona ilikuwa nzima. Sikilizeni sababu. (Wale ambao dini yao inawakataza kileo, somo hili haliwaiti kunywa. Mtu aweza kuijua kazi ya meza bila ya kuonja.)

Shiraz ni aina ya zabibu nyeusi. Wafaransa huiita Syrah. Sisi watu wa pwani tukisikia Shiraz twaukumbuka mji wa Uajemi na masimulizi ya Washirazi, na kweli zamani wengi walidhani zabibu hii pia ilitoka huko. Lakini uchunguzi wa chembe za urithi uliofanywa mwaka 1998 ulionyesha kuwa wazazi wake ni mizabibu miwili ya Ufaransa, Dureza na Mondeuse Blanche. Kwao ni upande wa mto Rhône. Vipandikizi alivyovikusanya James Busby huko Ulaya vilifika Australia mwaka 1832, na Syrah ilikuwamo.

Sasa, Australia ni nchi kubwa. Katika bonde la Barossa jua ni kali. Zabibu huiva upesi na kujaa sukari, na sukari ndiyo igeukayo kileo. Divai yake ni nzito, na mara nyingi kileo chake hupita asilimia 14. Lakini katika milima ya Grampians, jimbo la Victoria, kuna baridi. Zabibu huiva polepole, uchachu wake haupotei, na divai huwa nyepesi zaidi.

Na ile harufu ya pilipili manga? Hakuna aliyeitia. Mwaka 2008 wataalamu wa Australia walieleza kuwa yatoka katika kitu kiitwacho rotundoni, kilichomo katika ganda la zabibu. Kitu hicho hicho ndicho kinachoipa pilipili manga harufu yake! Penye baridi na kivuli huwa kingi zaidi. Ajabu nyingine: kama mtu mmoja katika watano hawezi kabisa kuinusa harufu hiyo. Basi wageni wawili wa meza moja wakibishana, huenda wote wasema kweli.

Kwa hiyo, someni karatasi ya chupa kabla ya kuizibua. Tafuteni jina la mahali na asilimia ya kileo, kisha mwambieni mgeni: "Bwana, hii ni ya nchi ya baridi, ina harufu ya pilipili manga." Akikataa, chupa bado imefungwa.

Chakula gani kinaifaa? Divai nyekundu ina ukakasi, ule unaokamata ulimi kama bibo la korosho. Nyama yenye mafuta huupunguza. Leteni kondoo wa kuchoma, au bata wa kuoka, au nyama ya ng'ombe iliyopakwa pilipili manga ya kupondwa. Asiyekula nyama apewe uyoga wa kukaanga kwa siagi. Mimi naona uyoga ndio unaoifaa kuliko vyote. Samaki msimpeleke, maana divai hii huweza kuongeza shombo. Mchuzi wa pilipili kali pia haufai: kileo huzidisha mwasho.

Jambo moja zaidi. Divai hii hunywewa ikiwa na digrii 16 hivi, wala si joto la kabati la jikoni. Itieni chupa katika ndoo ya maji na barafu kwa muda wa robo saa.

Sasa fungueni madaftari, mwandike maneno haya: ukakasi, uchachu, shombo, kipandikizi.