Je, Wajua? Jerikani Nayo Hujenga Misuli

Kule Todonyang, ukingoni mwa Ziwa Turkana, jerikani ya lita 20 iliyojaa maji ina uzito wa kilo 20 na ushei. Yatosha kukuza misuli?

Yatosha, mradi mnyanyuaji akaribie kikomo chake. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, waliwapima wanaume 49 waliozoea mazoezi. Baada ya wiki 12, walionyanyua vyuma vyepesi mara 20 hadi 25 walikuwa wamekuza misuli sawa na wa vyuma vizito, mara 8 hadi 12. Wote waliendelea mpaka misuli ikagoma.

Kugoma kwenyewe si lazima. Anayeacha akiwa amebakiza miinuo 1 au 2 hapotezi mengi, na kwa joto la Todonyang, huyo ndiye mjanja.