Unafuga kobe nyumbani? Mtoe jikoni

Baridi ya Kihesa unaijua kama umewahi kulala huku mwezi wa Juni au Julai. Watu wanajifunga vitenge juu ya masweta, na jiko la mkaa linakuwa sebule ya familia nzima. Katika msimu huo, nyumba moja ya huku walimwona kobe wao amekaa siku 3 bila kula, hatembei, kichwa amekificha. Wakamhurumia. Wakamwingiza jikoni, wakamweka kwenye beseni pembeni ya jiko, na jioni bibi akawa anamwogesha kwa maji ya vuguvugu.

Wiki mbili baadaye nilimpokea mjukuu wa nyumba hiyo, mtoto wa miezi 9. Alikuwa na homa ya siku 5. Kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu, na alikuwa ameharisha siku moja tu, tena kidogo. Tulimlaza, damu yake ikaoteshwa maabara, na majibu yakaonyesha bakteria wa salmonela, lakini si wale wa taifodi. Nilimuuliza mama kuhusu maji, uji na choo. Maji yanachemshwa, uji unapikwa kila mara upya, choo ni kizuri. Nikauliza kama wanafuga mnyama ndani. Bibi akajibu hapana, labda kobe. "Lakini kobe ni mkimya, Dokta. Haumi, hanuki."

Tulipoendelea kuzungumza ndipo ikajulikana kwamba beseni la kobe, likishamwagwa maji, lilikuwa likisuuziwa vikombe na kijiko cha mtoto.

Mtoto alipona baada ya siku kadhaa za sindano, na familia imeniruhusu kusimulia haya. Nayasimulia kwa sababu kobe yumo katika nyumba nyingi kuliko tunavyodhani. Wengine walimwokota porini, wengine waliachiwa na ndugu aliyehama, na watoto wanampenda.

Kobe, mjusi na nyoka hubeba salmonela utumboni kama sisi tunavyobeba bakteria wetu, bila kuugua. Kobe mwenye afya kabisa, anayekula vizuri na mwenye gamba linalong'aa, anaweza kuwa anawatoa bakteria hao kwenye kinyesi. Hawatoi kila siku, kwa hiyo hata ukipeleka kinyesi chake maabara na majibu yakawa mazuri, huwezi kulala ukiwa na uhakika. Kutoka kwenye kinyesi wanahamia kwenye gamba, miguu, maji anamokaa na sakafu anapopita. Mtoto anayetambaa anapita hapo hapo, kisha anatia vidole mdomoni.

Naomba nieleweke hapa, maana najua kuna atakayekimbilia duka la dawa kupima taifodi. Taifodi husababishwa na aina ya salmonela inayoishi kwa binadamu peke yake. Huipati kwa kobe. Kile kipimo cha damu cha haraka ambacho wengi wetu tumewahi kuambiwa kimeonyesha "taifodi kidogo" hakiwezi kukuambia bakteria wametoka wapi, na mara nyingi kinadanganya hata kuhusu taifodi yenyewe.

Kwa mtu mzima mwenye afya, salmonela ya wanyama huwa ni tumbo kunyonga, homa na kuharisha, kuanzia saa 6 hadi siku 6 baada ya kuipata. Mara nyingi huisha yenyewe ndani ya wiki, kwa kunywa maji ya kutosha na bila antibayotiki. Wanaonitia wasiwasi ni wengine: mtoto wa chini ya miaka 5, hasa mwenye utapiamlo au aliyetoka kuugua malaria, mzee, mjamzito, mwenye selimundu, ambaye bakteria hawa humpenyeza mpaka kwenye mifupa, na mtu anayeishi na virusi vya UKIMWI. Kwa hawa bakteria wanaweza kutoka tumboni na kuingia kwenye damu. Mkoa wetu wa Iringa una maambukizi ya VVU ya takriban asilimia 11 kwa watu wazima, kwa mujibu wa utafiti wa kitaifa wa 2022/23. Maana yake ni kwamba katika mtaa wowote wa Kihesa kuna nyumba ambako jambo hili si dogo, hata kama majirani hawajui.

Sasa turudi kwa kobe na baridi. Kobe hatengenezi joto lake mwenyewe, analichukua kwenye jua na ardhi. Asubuhi ikiwa baridi anapoa, anakuwa mzito, anaacha kula. Kumpeleka jikoni kunamsaidia kidogo sana, huku kukileta kinyesi chake karibu na sufuria. Mtengenezee sanduku la mbao nje, liinuliwe kutoka ardhini, lijazwe nyasi kavu, likae kwenye ukuta unaopigwa na jua la asubuhi. Jua hilo hilo linamsaidia kutengeneza vitamini D, ambayo gamba lake linaihitaji. Mpe nyasi na majani, si ugali wala wali uliobaki. Akizidi kulegea hata siku za jua, au akitoa makamasi, muone daktari wa mifugo. Usimpe antibayotiki ulizobakiza kabatini: hazimsafishi, zinafuga usugu tu.

Awe na beseni lake, lisiloingia jikoni kamwe, na maji yake yamwagwe chooni. Ukishamshika, nawa kwa sabuni na maji yanayotiririka, sekunde 20 hivi. Watoto wadogo wamtazame bila kumshika. Na nikiwa hapo hapo, wale mnaolaza kuku na vifaranga jikoni kwa kuogopa wezi, mjue kuku naye anabeba salmonela. Najua hili halitapendwa.

Msomaji mmoja alinionyesha picha aliyotumiwa na kijana wake anayesoma nje ya nchi: mjusi mnene, miguu mifupi, ulimi wa buluu, anaishi ndani kwenye sanduku la kioo lenye taa ya joto. Asili ya mijusi hao ni Australia na Indonesia, na kweli ni wapole. Alitaka kujua kama mwanawe yuko salama. Jibu langu ni lile lile la kobe: mjusi asitembezwe mezani, vyombo vyake visioshwe kwenye sinki la jikoni, asibusiwe. Marekani ilipiga marufuku kuuza kasa na kobe wadogo, wenye gamba lisilofika inchi 4, tangu mwaka 1975, baada ya watoto wengi kuugua kwa kuwatia mdomoni.

Kama nyumbani kuna mtoto wa chini ya miaka 5 au mtu mwenye kinga dhaifu, ushauri wangu ni kutokuwa naye kabisa. Usimtupe tu kwenye mawe ya Kihesa. Kobe wa porini ni mnyamapori, na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 inataka kibali cha kumfuga. Nenda ofisi ya wanyamapori, uwaambie unaye, wakuelekeze pa kumpeleka.

Mtoto akiharisha, anza ORS mara moja, endelea kumnyonyesha, na umpe zinki kwa siku 10 hadi 14 kwa kipimo utakachopewa kituoni. Mkimbize hospitali akitoa damu, akishindwa kunywa, akitapika kila kitu, macho yakizama, akipata degedege, au akiwa na homa isiyoisha hata kama haharishi. Wa chini ya miezi 3 asisubiri dalili nyingine, homa peke yake inatosha. Na ukifika, mwambie daktari kwamba nyumbani kuna kobe. Mara nyingi hatuulizi.