Hamira Haifuati Saa

Mpishi wa Njombe, mji ulio karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na mpishi wa Ikwiriri, mji usiofika hata mita 100, wananunua hamira ya aina moja na kusoma maelekezo yaleyale kwenye pakiti. Hapo ndipo kosa linapoanzia. Njombe hewa ni nyepesi, hivyo gesi inayotoka kwenye hamira hupanuka kirahisi. Maji nayo huchemka kwenye nyuzi 93 au 94 hivi badala ya 100, ndiyo maana kiini cha mkate huchelewa kuiva. Baridi ya huko, kwa upande mwingine, huizuia hamira isikimbie. Ikwiriri mambo ni kinyume: hewa ni nzito, lakini joto la bonde la Rufiji huichochea hamira kuanzia dakika ya kwanza. Kwa makadirio ya kawaida, joto likiongezeka nyuzi 10, kazi ya hamira hukaribia kuwa maradufu, hadi joto lenyewe litakapoanza kuidhuru. Donge lililopangiwa saa moja mahali penye baridi linaweza kuwa tayari hapa kwa nusu ya muda huo, na likiachwa lifuate saa, linachacha na kubonyea.

Hasara hiyo ni kubwa zaidi kwa mkate wa kumimina, ambao ndio hasa mkate wa watu wanaolima mpunga na kupanda minazi. Mchele uliolowekwa husagwa na tui, ukatiwa sukari, iliki na hamira, ukaachwa uumuke, kisha ukamiminwa kwenye sufuria na kupaliwa makaa juu na chini. Mchele hauna ule mnato wa ngano unaoshika gesi donge linapokandwa. Uji wake huinuka kwa mapovu tu, na mapovu yakizidi muda hupasuka yote kwa pamoja. Ukishashuka, hakuna kuukanda upya. Kwa hiyo Ikwiriri panahitaji hamira kidogo, tui lisilo la moto, na jicho linalotazama uso wa uji: vitobo vidogo vikianza kujitokeza kila mahali, makaa yawe tayari yamewaka.

Wapo watakaosema kwamba mpishi mzoefu anayajua haya bila kipimajoto. Ni kweli, na ujuzi huo ndio ninaoutetea. Lakini binti anayejifunza leo kwa video ya simu iliyopigwa Nairobi au Arusha, miji yote miwili ya miinuko, anapewa dakika bila kuambiwa ni dakika za wapi. Akiharibu chungu kimoja siku ya Ramadhani, nazi, mchele na sukari vimekwenda, na futari inamsubiri.

Wengine watauliza kwa nini tuhangaike ilhali mkate wa ngano unafika dukani asubuhi kutoka Dar es Salaam. Mkate huo una faida zake: unakatika vizuri na hauhitaji kulowekwa usiku. Lakini ngano haioti Rufiji, na sehemu kubwa ya ngano inayotumika Tanzania hununuliwa nje. Vita ya Ukraine ilipoanza mwaka 2022, bei ya ngano ilipanda duniani kote. Mchele ungali shambani jirani, na hata chenga zinasagika. Hoja nzito zaidi dhidi ya mkate wa kumimina ni ya mkaa, kwa kuwa misitu ya Rufiji imekatwa sana kulisha majiko ya Dar es Salaam. Jibu moja liko jikoni penyewe: nazi iliyokunwa kwa ajili ya tui inaacha kifuu, na kifuu kina makaa makali yanayofaa kupaliwa juu ya mfuniko.

Basi anayetaka kuanza apunguze hamira hadi nusu ya ile iliyoandikwa, aumue kivulini, na autazame uji mapema kuliko alivyoambiwa. Ukichelewa kuumuka, atasubiri kidogo. Ukishabonyea, hauinuki tena.