Kenya na Majenerali Wake wa Anga



Tarehe 18 Aprili 2024, helikopta ya kijeshi aina ya Huey iliruka kutoka shule ya Cheptulel, Pokot Magharibi, kaskazini-magharibi mwa Kenya. Haikufika mbali. Ilianguka mahali paitwapo Sindar, katika Kaunti ya Elgeyo Marakwet, ikiwa imembeba Jenerali Francis Ogolla, Mkuu wa Majeshi ya Ulinzi ya nchi hiyo, aliyekuwa katika ziara ya kuwakagua askari waliopelekwa kupambana na wezi wa mifugo wenye silaha. Jenerali huyo alipoteza maisha pamoja na wanajeshi wengine tisa. Waliookoka ni wawili tu.

Mengi yalisemwa wakati ule juu ya ajali yenyewe. Katika mazungumzo ya leo tungependa kulitazama jambo jingine, ambalo kwa askari lina mafunzo zaidi. Jenerali Ogolla alikuwa rubani wa ndege za kivita, mtu wa anga tangu ujana wake, na alikuwa wa pili tu kutoka Jeshi la Anga kuyaongoza majeshi yote ya Kenya. Hilo lilitokea katika nchi ambayo mwaka 1982 ililivunja Jeshi lake la Anga, ikamfunga gerezani kamanda wake, na hata jina la jeshi hilo ikalifuta.

Ili kuielewa safari hiyo, hapana budi kwanza kueleza mpango wa vyeo. Ziko nchi, kama vile Zimbabwe, zilizofuata desturi ya Kiingereza ya kuwapa maofisa wa anga vyeo vyao wenyewe, hata kamanda wao akaitwa Marshali wa Anga. Kenya haikufuata njia hiyo. Maofisa wake wa anga hutumia vyeo vilevile vya nchi kavu: luteni, kapteni, meja, kanali, brigedia, na kuendelea. Lakini wasikilizaji wetu wasidhani kuwa kufanana kwa vyeo ni kulingana kwa nafasi. Kamanda wa Jeshi la Nchi Kavu nchini Kenya ni Luteni Jenerali, ilhali Kamanda wa Jeshi la Anga, sawa na mwenzake wa Jeshi la Wanamaji, ni Meja Jenerali. Kwa hiyo ofisa wa anga aliyefika kileleni mwa jeshi lake bado yuko ngazi moja chini ya mwenziwe wa nchi kavu. Akitaka kupanda zaidi hana budi kuliacha jeshi lake na kwenda Makao Makuu, kuwa Makamu wa Mkuu wa Majeshi kwa cheo cha Luteni Jenerali, na ikiwezekana Mkuu mwenyewe kwa cheo cha Jenerali. Na kwa muda mrefu mlango huo wa Makao Makuu haukuwa wazi kwa mtu wa anga.

Jeshi la Anga la Kenya liliundwa tarehe 1 Juni 1964, miezi michache baada ya uhuru, kwa msaada wa Waingereza. Itakumbukwa kwamba mwanzoni mwa mwaka huo yalikuwa yametokea maasi ya askari hapa kwetu Tanganyika, kisha Jinja kule Uganda, na Lanet kule Kenya. Makamanda wa kwanza wa jeshi hilo jipya walikuwa Waingereza, na Mwafrika wa kwanza kukabidhiwa uongozi wake alikuwa Dedan Gichuru, katika miaka ya 1970. Hiyo ndiyo iliyokuwa miaka ya neema. Ndege za Strikemaster zilifika mwaka 1971, za Hunter mwaka 1974, na mwaka 1978 zikaja F-5 kutoka Marekani, ambazo zilikuwa miongoni mwa ndege kali kabisa katika eneo letu la Afrika. Vijana waliojiunga walikuwa na elimu ya kutosha, kwa maana injini ya ndege haitengenezwi na mtu asiyejua hesabu. Wengi wao walikuwa mafundi, na wengi walikuwa wakisoma magazeti na kubishana juu ya siasa za nchi yao. Gichuru alipoondoka, uongozi ukashikwa na Meja Jenerali Peter Kariuki.

Alfajiri ya Jumapili, tarehe 1 Agosti 1982, askari wa jeshi hilo walitoka katika kambi ya Eastleigh mjini Nairobi wakaiteka stesheni ya Sauti ya Kenya. Mtangazaji mashuhuri Leonard Mambo Mbotela akalazimishwa kusoma tangazo la kuipindua serikali. Aliyekuwa mstari wa mbele hakuwa jenerali wala kanali. Alikuwa Hezekiah Ochuka, askari wa cheo cha pili kutoka chini. Kule Nanyuki, marubani walishurutishwa kwa bunduki kurusha ndege za kivita wakaishambulie Ikulu, na mtu mwenye silaha akapandishwa ndege pamoja nao ili wasigeuze nia. Marubani hao waliruka, wakaenda kuyaangusha mabomu katika msitu wa Mlima Kenya. Tunalitaja tukio hili kwa makusudi, kwa sababu mara nyingi habari za siku ile husimuliwa kana kwamba kila aliyevaa sare ya anga alikuwa mwasi.

Jeshi la Nchi Kavu liliyazima maasi siku hiyohiyo. Aliyeongoza kuikomboa stesheni ya redio alikuwa Meja Jenerali Mahamoud Mohamed, Naibu Kamanda wa Jeshi la Nchi Kavu. Watu wengi walikuwa wamekwisha kupoteza maisha, askari na raia, na maduka ya Nairobi yalikuwa yameporwa. Ochuka na mwenzake Sajini Pancras Oteyo Okumu walikimbilia Tanzania kwa ndege ya mizigo aina ya Buffalo. Kwanza walipata hifadhi hapa kwetu. Kisha mwezi Novemba 1983, Tanzania na Kenya zilipoufungua mpaka uliokuwa umefungwa tangu 1977, walirudishwa kwao, nayo Kenya ikawarudisha Watanzania waliokuwa wakitafutwa na serikali yetu. Ochuka na Okumu walihukumiwa na mahakama ya kijeshi, wakanyongwa mwaka 1987.

Lakini suala gumu zaidi lilikuwa la kamanda. Meja Jenerali Kariuki hakushitakiwa kwa kupanga maasi. Alishitakiwa kwa kushindwa kuyazuia na kuyazima. Mapema mwaka 1983 mahakama ya kijeshi ilimhukumu kifungo cha miaka minne na kumwondoa jeshini. Hapa kila ofisa anayetusikiliza atatambua mzani ulivyo mzito. Kwa upande mmoja, kamanda ni mwenye dhamana. Askari wake wakipanga njama usiku katika mabweni yake mwenyewe, naye asijue, hawezi kujitetea kwa kusema kuwa alikuwa amelala. Kwa upande mwingine, kutokujua ni jambo moja na kuasi ni jambo jingine, na mtu hafungwi kwa kuwa tu serikali imetishika na inataka kichwa cha mkubwa. Kariuki alitumikia kifungo chake. Miaka mingi baadaye alikwenda katika mahakama za kiraia, nazo zikaona kwamba haki zake za msingi zilikuwa zimevunjwa. Mwaka 2014 Mahakama ya Rufani ya Kenya iliamuru alipwe fidia. Kwa maoni yetu hukumu ile ilichelewa mno, ingawa ina thamani yake, kwa kuwa ilitamka wazi kwamba hata jenerali aliyeshindwa kazi anastahili kusikilizwa kwa haki.

Tukirudi mwaka 1982, Rais Daniel arap Moi hakutaka kuchuja wabaya na wema. Jeshi zima lilivunjwa na askari wake karibu wote wakatiwa nguvuni. Sisi Watanzania hatuwezi kulistaajabia jambo hilo, maana nasi tulilivunja jeshi letu la kikoloni baada ya maasi ya Januari 1964, na tarehe 1 Septemba mwaka huo likazaliwa Jeshi la Wananchi. Tofauti ilikuwa katika kile kilichojengwa baada ya kubomoa. Hapa kwetu lilijengwa jeshi jipya lenye maadili mapya. Kule Kenya kilichobaki cha Jeshi la Anga kiliwekwa chini ya Jeshi la Nchi Kavu na kuitwa Jeshi la Anga la 82. Kila askari aliyejiunga nalo alibeba mwaka wa aibu katika jina la kikosi chake, ingawa huenda mwaka huo yeye alikuwa bado mwanafunzi wa shule.

Kamanda aliyewekwa juu ya jeshi hilo hakuwa mtu wa anga. Alikuwa yuleyule Mahamoud Mohamed wa Jeshi la Nchi Kavu. Alilisimamia hadi mwaka 1986, kisha akapandishwa kuwa Mkuu wa Majeshi, wadhifa alioushika kwa miaka kumi. Kwa hiyo ukihesabu kwa haraka utasema kwamba mtu wa kwanza kutoka ukamanda wa anga kuwa Mkuu wa Majeshi ya Kenya alikuwa yeye. Hesabu hiyo ni ya makaratasi tu. Maofisa wa anga wa miaka ile walijua vyema kwamba yule aliyekaa juu yao alikuwa amewekwa awalinde wasiasi tena. Jina la Jeshi la Anga la Kenya na uhuru wake wa kiutawala havikurudishwa hadi mwaka 1994, yaani miaka 12 baada ya maasi.

Baada ya hapo yalikuja mageuzi ambayo hayakupigiwa ngoma, na kwa hakika ndiyo yaliyoubadilisha mwendo wa mambo. Jenerali Daudi Tonje, aliyekuwa Mkuu wa Majeshi tangu 1996 hadi 2000, aliweka kanuni ambazo maofisa wa Kenya mpaka leo huziita kwa jina lake. Kanuni hizo ziliweka ukomo wa muda wa kushika madaraka na umri wa kustaafu kwa kila cheo, na zikaanzisha desturi ya kupokezana uongozi wa juu baina ya majeshi matatu. Kabla ya hapo jenerali aliweza kukaa juu ya kiti miaka mingi, na walio chini yake wakazeeka wakimngoja. Ofisa anayejua kuwa zamu itafika ana sababu ya kuvumilia na kujisomesha. Asiyeona dalili yoyote ya zamu huanza kusikiliza maneno ya pembeni.

Matokeo yake yanaonekana katika orodha yenyewe. Mwaka 2000 alikuja Jenerali Joseph Kibwana, mwanamaji. Mwaka 2005 akafuata Jeremiah Kianga wa nchi kavu. Mwaka 2011 akateuliwa Julius Karangi, na kwa mara ya kwanza mtu aliyelelewa na Jeshi la Anga akavaa cheo cha Jenerali kamili. Karangi alikuwa amejiunga na majeshi mwaka 1973, kwa hiyo alikuwa ofisa wa lile jeshi la zamani lililovunjwa. Alipita ukamanda wa Jeshi la Anga, akawa Makamu, kisha Mkuu, wa kwanza chini ya Katiba mpya ya 2010. Haikupita miezi mingi, Oktoba 2011, majeshi ya Kenya yakavuka mpaka kuingia Somalia. Mtu wa anga akawa anaongoza vita ambavyo sehemu kubwa ilikuwa ya askari wa miguu na magari ya deraya. Baada yake alifuata Samson Mwathethe kutoka majini mwaka 2015, na Robert Kibochi kutoka nchi kavu mwaka 2020.

Mwezi Aprili 2023 zamu ilimwangukia Ogolla. Huyu alijiunga tarehe 24 Aprili 1984, wakati jeshi likiitwa la 82, na mwaka uliofuata akapewa kamisheni ya Luteni-usu. Alifunzwa urubani wa ndege za kivita na Jeshi la Anga la Marekani, akawa mwalimu wa marubani, na mwaka 2018 Kamanda wa Jeshi la Anga. Basi kama Karangi alikuwa mtoto wa jeshi lililofutwa, Ogolla alikuwa mtoto wa lile lililoadhibiwa. Siku aliyofariki zilikuwa zimebaki siku sita tu atimize miaka 40 ya utumishi. Alizikwa tarehe 21 Aprili kwao Ng'iya, Siaya, siku tatu baada ya kifo, bila jeneza, kama alivyokuwa ameusia. Kwa Jenerali wa cheo kile, ambaye angeweza kungojewa wiki nzima na kupitishwa katika barabara za mji mkuu, usia huo uliwashangaza wengi.

Kifo chake kiliikatiza zamu ya anga kabla ya mwaka mmoja kutimia. Tarehe 2 Mei 2024, Rais William Ruto alimteua mwanamaji Charles Kahariri kuwa Mkuu wa Majeshi ya Ulinzi. Siku hiyohiyo aliyekuwa Kamanda wa Jeshi la Anga, John Omenda, alipandishwa kuwa Luteni Jenerali na Makamu wa Mkuu. Nafasi aliyoiacha alipewa Meja Jenerali Fatuma Ahmed, ambaye alijiunga na majeshi mwaka 1983 na mwaka 2018 akawa mwanamke wa kwanza wa Kenya kufikia cheo hicho. Kwa uteuzi huo alikuwa pia mwanamke wa kwanza kuongoza moja ya majeshi matatu ya nchi hiyo. Makao makuu ya jeshi alilokabidhiwa yako palepale Eastleigh, katika kambi walimotoka waasi ile Jumapili ya mwaka 1982.