Kitunguu cha maua: kililiwa wakati wa njaa, leo kinapandwa Ottawa kama shukrani

Katika mwezi wa kumi, wakati wakulima wengi wa Kivu wamekwisha kutia maharagi na mahindi katika udongo wa mvua, watumishi wa bustani za Ottawa, mji mkuu wa Kanada, nao wanachimba. Wao hawapandi chakula. Wanazika vitunguu vya tulipa, ua litakaloonekana tu mwezi wa tano wa mwaka unaofuata, nyuma ya theluji kuyeyuka.

Wakongomani wanaoishi Ottawa na mji jirani wa Gatineau wanayajua maua hayo. Asili yake ni habari ya wakimbizi na ya njaa.

Ujerumani ilivamia Uholanzi mwaka 1940. Juliana, binti ya malkia Wilhelmina na mrithi wa ufalme, alikimbilia Kanada pamoja na binti zake wawili. Tarehe 19 mwezi wa kwanza 1943 alizaa binti wa tatu, Margriet, katika hospitali ya Ottawa. Serikali ya Kanada ilitangaza kwamba chumba cha kuzalia hakihesabiwi kuwa udongo wa Kanada, ili mtoto awe Mholanzi tu.

Waliobaki nyumbani waliona mengine. Mwaka 1944 ukielekea mwisho, wafanyakazi wa gari la moshi waligoma, Wajerumani wakazuia chakula kufika miji ya magharibi, kisha baridi kali ikagandisha mifereji ambamo mashua zilipita. Watu zaidi ya 20,000 walikufa. Wakulima wa maua walikuwa na vitunguu vikavu katika ghala, na watu wakavila. Walivipasua, wakatoa kiini cha manjano kinachodhuru, wakapika supu au wakasaga unga.

Msomaji wa Masisi au wa Fizi atatambua jambo hapa. Anayekula kitunguu cha maua anakula mbegu. Ndivyo inavyokuwa kwetu familia inaporudi kutoka kambi, inakuta ghala tupu, na kutia katika nyungu kilo chache za maharagi zilizopaswa kwenda shambani. Ndiyo maana mashirika kama PAM na FAO hupenda kugawa chakula wakati mmoja na mbegu. La sivyo mbegu zinaishia jikoni.

Vita ilipokwisha, katika 1945, Juliana alituma Ottawa vitunguu 100,000. Hata leo vinafika 20,000 kila mwaka, nusu kutoka jamaa ya kifalme, nusu kutoka kwa wakulima wa Uholanzi. Tangu 1953 mji huo unafanya sikukuu ya tulipa.

Kupanda kwenyewe si kazi ngumu. Shimo liwe mara tatu ya kimo cha kitunguu, karibu sentimeta 15, ncha ikitazama juu. Udongo usituamishe maji, maana kitunguu kinaoza upesi. Kinachobaki ni kazi ya baridi: tulipa inataka majuma 12 hadi 16 ya ubaridi chini ya digrii 10 hivi. Ikikosa hayo, inatoa majani matupu au ua fupi lisilofunguka vizuri.

Kwa hiyo anayeletewa vitunguu hivyo kutoka Ulaya na kuvitia moja kwa moja katika udongo wa Goma au Bukavu atavunjika moyo. Usiku wetu una ubaridi, lakini hautoshi. Mwenye umeme wa hakika (na wakaaji wanajua uzito wa maneno hayo) anaweza kuviweka miezi mitatu ndani ya frigo, mbali na ndizi na maembe mabivu, kwani hewa inayotoka katika matunda hayo inaua ua changa lililo ndani ya kitunguu. Mbali na watoto pia: vinafanana na matungulu ya kupika, na vile vya narsisi ni sumu.

Lakini udongo wa Kongo una vitunguu vyake vya maua. Kimoja, ambacho wataalamu wanakiita Scadoxus multiflorus, kinatoa ua jekundu la mviringo kama mpira. Kinalala katika kiangazi, kisha kinachomoza mvua za kwanza zinapopiga, bila frigo. Anayekitaka achimbe kimoja au viwili majani yakiwa yamekauka, aache vingine mahali pake, na akipande shingo ikiwa karibu na uso wa udongo. Nacho ni sumu, kwa hiyo mbuzi wafungwe mbali.