Rovu si uchawi: tuijue tezi ya shingo

Tezi ya shingo ni ndogo, ina umbo la kipepeo, nayo imekaa mbele ya koo. Kazi yake ni kutengeneza homoni zinazoongoza mapigo ya moyo, joto la mwili na namna chakula kinavyogeuzwa kuwa nguvu.

Ili ifanye kazi hiyo, tezi huhitaji madini joto. Samaki wa baharini wanayo, lakini katika nyanda za juu mvua huyasomba kutoka ardhini. Yakikosekana, tezi hutanuka ikijaribu kufidia upungufu, na rovu likajitokeza. Hapo hakuna mkono wa mtu.

Hatari kubwa zaidi haionekani shingoni. Mjamzito aliyepungukiwa sana na madini hayo anaweza kuzaa mtoto ambaye ubongo wake umedumaa, na hali hiyo hairekebishiki. Kwa hiyo tununue chumvi yenye madini joto, tuihifadhi katika chombo chenye mfuniko, mbali na jua na unyevu.

Homoni zikipungua, mtu huchoka, huhisi baridi, huongezeka uzito na hupata choo kigumu. Basi tusimwite mama wa nyumba mvivu kabla ya kumpeleka hospitali. Kipimo cha damu hubainisha tatizo, na kidonge cha kila siku hurejesha homoni iliyopungua. Mwezi wa Ramadhani ukikaribia, mgonjwa asiache dawa. Amuulize daktari aimeze saa ngapi za usiku.